Prefe Haulizi

Ukimpelekea begi la shule lililoharibika zipu, hakuitazama zipu kwanza. Aliliweka begi magotini, akalifungua taratibu, akatoa daftari la juu. Aligeuza kurasa mpaka afike pale mwalimu alipoandika alama kwa wino mwekundu. Hakumuuliza mtoto kitu. Alisoma mwenyewe, akatangaza, "Hamsini na mbili," kwa sauti ambayo baraza nzima iliisikia, na ndipo aliposhika sindano. Kama alama zilikuwa nzuri, alishona bila malipo. Kama zilikuwa mbaya, alishona vilevile, ila mtoto alisimama mbele yake mpaka kazi iishe, huku wapita njia wote wakijua amepata ngapi.

Tulimwita Prefe. Kule Kongo prefe ni mkuu wa shule ya sekondari, mtu ambaye akipita uwanjani hata mbuzi wanakaa kimya. Hapa Durban alikuwa fundi wa zipu kwenye baraza ya duka la mablanketi, pembeni ya meza yangu. Mimi nauza unga wa muhogo, dagaa, na sombe, yale majani ya muhogo, ikipatikana. Tulikaa bega kwa bega miaka mingi na jina lake la ubatizo sikuwahi kulitumia. Hapa pia sitalitumia. Wengine nitawataja kwa sababu wamestahili. Miss Carol nitamtaja. Pasta Elia nitamtaja. Huyu namwachia cheo chake, maana ndicho kitu pekee alichovuka nacho mipaka yote ile bila kunyang'anywa.

Mimi niliishia darasa la nne. Vita ilifunga shule, na ilipofunguliwa nilikuwa tayari na mtoto mgongoni, na baba wa mtoto hakuwepo tena duniani. Kusoma najua, kuandika najua. Haya nimeandika kwa mkono wangu, Riziki amenirekebishia nukta tu. Nasema hivi ili mtu asije akafikiri namhukumu Prefe nikiwa nimekaa juu yake. Nilikuwa chini yake, na nilipapenda pale chini. Mtu wa darasa la nne akikaa karibu na prefe, anajiona naye amesoma kidogo.

Alivaa tai kila siku. Shati lilikuwa limegeuzwa kola, upande uliochakaa umeshonwa kwa ndani, na tai ile ya rangi ya mvinyo ilikuwa imefungwa fundo dogo, gumu. Alikaa South Beach, kwenye ghorofa moja refu karibu na Point, katika chumba kilichogawanywa kwa pazia. Upande mmoja yeye, upande wa pili mpwa wake na mke na watoto. Lifti ilikuwa mbovu. Alishuka ngazi zote zile na tai yake, na akifika chini, kwa jinsi alivyosimama, ungedhani ametoka kufungua mkutano.

Siku vijana walipokuja na marungu kutuambia turudi kwetu, mimi nilikimbia na kisanduku cha pesa. Niliacha unga ukimwagwa barabarani. Prefe aliacha mashine yake ya kushonea, akaacha na kiti. Alikimbia akiwa amekumbatia mabegi ya shule ya watoto wa watu, mengine yakining'inia shingoni, tai imepanda sikioni. Tulipokutana kwenye ukumbi wa kanisa, watu wote wanalia, yeye alikuwa amekaa kwenye ngazi anashona. Kila begi lilirudi kwa mwenyewe likiwa na zipu inayofunga. Hilo nililiona kwa macho yangu, na kila ninapotaka kumchukia hadi mwisho, hunikwamisha.

Lakini alikuwa na kiburi cha namna yake. Alikuwa na msemo: "Prefe haulizi. Prefe anaulizwa." Nilidhani ni utani mpaka nilipoona siku ile ya Pinetown. Alikuwa na begi la kupeleka huko, na teksi za hapa ni lazima ujue ishara za vidole, au umuulize kondakta. Yeye alisimama, akatazama wenzake wanavyonyoosha vidole, akanyoosha vyake, akapanda. Teksi ikaenda kumshusha Queensburgh. Aliona amepotea, lakini hakumuuliza mtu. Alitembea kwa miguu juani, akifuata barabara aliyodhani inaelekea Pinetown, akarudi jioni na begi lile lile mkononi, viatu vimejaa vumbi.

"Umekosa njia, Prefe?" nikamuuliza.

"Njia ndiyo imekosea," akasema. "Ilitakiwa kunyooka."

Tulicheka sana. Watanzania wa meza ya viatu walimwambia, "Mzee wetu, kuuliza si ujinga." Akawajibu bila kuinua macho kwenye sindano, "Kwenu huko. Kwetu anayeuliza ni mwanafunzi." Wakacheka zaidi. Hakuna aliyeona kwamba Kiingereza chake kilikuwa kidogo, kwamba Kifaransa chake kizuri kile hapa hakinunui hata mkate, na kwamba mtu aliyewahi kusimama mbele ya shule nzima alikuwa anaogopa kufungua mdomo mbele ya kondakta. Mimi nilikaa naye karibu kuliko wote. Sikuona.

Jumamosi alifundisha watoto wetu katika ukumbi wa kanisa la Pasta Elia. Hesabu kwa Kifaransa, maelezo kwa Kiswahili, kichapo cha rula kwa lugha zote. Kwake elimu ilikuwa vitu viwili: asilimia na seksheni. Asilimia ndiyo jina la mtu. Alikuwa akikutana na Mkongo mwenzake mzee, mwenye mvi, anamsalimia kwa alama za mtihani wa serikali wa ujana wake: "Ah, sitini na nane, habari ya nyumbani?" Na yule mzee anafurahi. Seksheni ndiyo mkondo unaochagua ukiwa bado mtoto. "Seksheni ni mlango," alisema. "Ukikosea mlango utaingia kwa dirisha, na anayeingia kwa dirisha ni mwizi." Kwao, mtoto anayetaka udaktari anachukua seksheni ya bioshimi, yaani baiolojia na kemia pamoja, anapata asilimia nzuri, basi, kazi imekwisha.

Binti yangu Riziki alitaka udaktari. Hakuutaka kwa sababu ya televisheni. Aliutaka tangu mdogo wake alipofia mikononi mwangu kwenye foleni ya kliniki, kifua kinapiga filimbi, na Riziki alikuwa ameshika chupa ya maji. Hakulia siku ile. Aliniuliza tu, "Mama, yule wa ndani amesoma nini?" Tangu hapo alikuwa akisoma kwenye gunia la unga, nyuma ya meza yangu, na Prefe alikuwa akimtangazia alama zake baraza nzima kwa furaha. "Sabini na tisa. Mama Riziki, huyu mtoto iko na kichwa ya bioshimi."

Akiwa darasa la tisa, shule yake iliita wazazi. Hapa Afrika Kusini mtoto anachagua masomo kabla ya kuingia la kumi, na anachochagua ndicho atakachofanyia mtihani wa mwisho. Nilimwomba Prefe aje nami. Nilifua blauzi yangu ya kanisani, na yeye alipiga pasi tai.

Miss Carol ndiye aliyekuwa mwalimu wa ushauri. Mwanamke mwenye sauti ya upole, na mimi sasa ninaogopa sauti za upole. Alisema, na Riziki akanitafsiria sikioni, kwamba watoto wa wageni Kiingereza kinawasumbua, kwamba hesabu kubwa itamshusha Riziki, lakini kuna hesabu nyepesi, ile inayoitwa Maths Literacy, ambayo mtoto kama huyu angepata alama za juu sana. Pamoja nayo achukue Life Sciences, na utalii, na mapishi. Baadaye nilikuja kujua kwamba watoto wetu karibu wote waliingizwa humo humo kama mifuko kwenye gari. Shule ilipata matokeo mazuri. Miss Carol alisifiwa.

Riziki alinivuta mkono wa blauzi, maana kwetu mtoto hasemi na mwalimu wakubwa wakiwepo. "Mama, muulize kama na hii naweza kuwa daktari."

Mimi nikamtazama Prefe. Hiyo ndiyo sababu nilimleta. Prefe alikuwa akitazama karatasi ya masomo, na nilimwona macho yanasimama kwenye Life Sciences. Alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Sayansi ya maisha," akaninong'oneza. "Hii njo bioshimi yao. Mlango ni huu."

"Muulize basi, kwa uhakika."

Miss Carol aliinua macho. Alisema neno ambalo hata mimi nililielewa: kama tuna swali lolote. Riziki akabana mkono wangu. Prefe akanyoosha fundo la tai, akakohoa kidogo, akasema kwa Kiingereza, "No question. Very good."

Niliona fahari. Ndiyo, nilimwona mtu wangu ameongea na mwalimu Kiingereza na mwalimu ametabasamu. Njiani Riziki alitembea mbele yetu peke yake.

Kuanzia hapo alama zilipanda. Themanini na tatu. Themanini na saba. Prefe alizitangaza mpaka wauza blanketi walizijua. Siku matokeo ya mwisho yalipotoka, tulifanya kama kwetu. Kwetu mwanafunzi akifaulu mtihani wa serikali anamwagiwa unga kichwani, anatembezwa mtaani akiwa mweupe kama mzimu, ili kila mtu ajue. Nilifungua mfuko mzima wa unga wangu wa biashara. Prefe ndiye aliyemwaga wa kwanza. Aliuchota kwa viganja viwili, akauinua juu, akauachia polepole juu ya kichwa cha mwanangu, machozi yanamtoka. "Dokta," alisema. "Dokta, dokta." Pasta Elia alipiga picha akiwa katikati, amemshika Riziki bega, kana kwamba yeye ndiye aliyemsomesha. Wazulu waliokuwa wanapita walisimama wakiuliza ni nini hiki. Mwanamke mmoja muuza mahindi akaelezwa, akasema, "Eish, hongera mama," na akampa mtoto hindi la kuchoma, unga ukaliangukia lile hindi.

Unga ulikuwa bado kwenye nywele zake tulipoenda chuoni, Westville, juu kule kwenye miti na magari. Ulikuwa umebaki kwenye mizizi ya misuko. Dada wa kaunta alikuwa kijana, na hakutudharau. Aliangalia matokeo, akayaangalia tena, kisha akaangalia kichwa cha mwanangu. Alisema kwa udaktari inatakiwa hesabu yenyewe na fizikia na kemia, na juu ya hayo kuna mtihani wa kupimwa kabla ya kuingia, nao una hesabu yenyewe. Kwa hii nyepesi, hata ukipata mia, hakuna.

"Hakuna kabisa?" Riziki akauliza.

"Kwa udaktari, hakuna, my dear. Shuleni hawakukwambia?"

Nje, Riziki alikaa kwenye ukingo wa barabara, akaanza kujitoa unga kichwani kwa kucha. Alitoa chembe moja moja. Nilitaka kumsaidia, akanisogeza mkono. Watu walipita na magari yao. Nimeshatemewa mate, nimeshavunjiwa meza, nimeshalala msituni na maiti karibu. Aibu ya pale ukingoni bado ndiyo ninayoamka nayo.

Prefe nilimwambia mbele ya watu, barazani. Nilitaka watu wasikie, kama alivyokuwa akiwafanyia watoto. "Sifuri," nilimwambia. "Begi lako wewe lina sifuri." Alikuwa na begi la mtoto magotini na sindano imesimama kwenye kitambaa. Aliivuta mpaka mwisho wa uzi, akafunga fundo, akakata kwa meno.

Na Pasta Elia, ambaye alipiga picha, Jumapili iliyofuata alimsimamisha Prefe mbele ya kanisa. Akamwita mharibifu wa watoto. Akasema kuna watu wanajiita wasomi na hawajui hata mlango wa chuo uko wapi. Akamwondolea ukumbi wa Jumamosi. Kulikuwa na wazazi wengine wawili ambao watoto wao walikuwa kwenye mtego ule ule, walipiga makofi. Prefe alisimama, mikono mgongoni, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele. Mimi nilikuwa safu ya pili. Nilifurahi, na furaha ile ilikuwa na ladha ya chuma mdomoni. Hakuna hata mmoja katika kanisa lile aliyeuliza kwa nini sisi sote, watu wazima, tulikuwa na mtu mmoja tu wa kuuliza, na huyo mmoja tulijua haulizi.

Baada ya hapo hakuja tena barazani. Nafasi yake aliichukua muuza kava za simu.

Riziki alipata kazi ya kukaa kwenye kaunta ya duka moja Queensburgh, na jioni akaanza shule ya watu wazima, hesabu upya, fizikia upya, tangu mwanzo kabisa. "Naingia kwa dirisha," alisema, na hakucheka. Siku moja alirudi, akavua viatu, akasema, "Mama, Prefe yuko pale shuleni."

"Anafanya nini pale? Anafagia?"

"Anasoma. Kiingereza cha mwanzo. Yuko na wamama wa usafi na vijana wa Burundi. Anakaa mbele kabisa."

"Na tai?"

"Na tai."

Nikasema mzee amechanganyikiwa. Kesho yake niliwahadithia Watanzania wa viatu, tukacheka, mmoja akamwigiza: "My name is Prefe. I am a table." Nilicheka mpaka nikashika meza. Kisha muuza kava za simu, ambaye hakumjua, akauliza, "Huyo mzee mnayemcheka ni nani?" na mimi nikaanza kupanga upya mafungu yangu ya dagaa.

Miaka miwili ilipita hivyo. Riziki alifaulu fizikia, akafaulu na hesabu. Si asilimia ya kumwagiwa unga, lakini ni hesabu yenyewe. Ikabaki ule mtihani wa kupimwa.

Aliufanyia huko huko Westville, asubuhi ya Jumamosi. Wazazi wengine walibaki ndani ya magari yao, vioo juu. Mimi nilisimama kwenye uzio na mfuko wa maandazi. Riziki alikuwa ameshaingia ndani ya geti, yuko kwenye mstari mrefu unaoelekea ukumbini, na nilipogeuka nikamwona Prefe anapanda mlima kwa miguu. Amekonda. Tai ile ile, fundo lile lile. Alisimama hatua chache kutoka kwangu, kama mtu anayesubiri aruhusiwe kukaa.

"Mama Riziki."

"Prefe."

"Mtoto ameingia?"

"Yuko kwenye mstari."

Nilitaka kusema maneno niliyoyahifadhi miaka miwili, na yote yalikuwa yameshasemwa na Pasta Elia kanisani, kwa hiyo yalinuka mdomo wake. Kulikuwa na mistari miwili mbele ya ukumbi, na milango miwili. Hatukujua mmoja ni wa nini na mwingine wa nini. Riziki alikuwa kwenye ule wa kushoto. Mwanamke mwenye kitambulisho shingoni alikuwa amekaa kwenye meza karibu na geti, anakunywa chai, na mbele yake kulikuwa na wazazi wenye viatu vizuri wanaoongea Kiingereza haraka haraka kama mvua kwenye bati.

Prefe akashika fundo la tai. Nilijua kitakachofuata. Atatikisa kichwa, ataniambia mlango ni ule.

Akaenda kwenye meza.

"Excuse me, madam," alisema. Sauti yake ilikuwa ile ya kutangazia alama, maana nadhani hakuwa na nyingine. Wazazi wote waligeuka. "I want to ask. I am not knowing. The girl, she want the medicine. This line, it is the line with the mathematics?"

Mtu mmoja alitabasamu pembeni, akamgusa mkewe. Uso wangu uliwaka. Miguu yangu ilijiondoa yenyewe, nikajikuta nimegeukia uzio, mgongo kwa Prefe, natazama miti, kana kwamba simjui. Kwa mgongo wangu nilimsikia yule mwanamke anajibu, taratibu, na Prefe anamwomba arudie. Akarudia. Prefe akauliza tena, jambo jingine. Na tena. Aliuliza matokeo yanatoka lini. Aliuliza kama akishindwa anaweza kurudia. Aliuliza chuo kinataka nini kingine zaidi ya mtihani, na akasubiri kila jibu mpaka mwisho. Mstari wa wazazi nyuma yake ukaanza kukohoa.

Aliporudi alikuwa anatokwa jasho, kola imelowa.

"Mstari ni ule," akasema. "Yuko kwenye mstari wake. Kwanza watafanya Kiingereza, kisha hesabu. Hesabu yenyewe. Nimemuuliza mara mbili."

Sikuweza kumtazama. Nilifungua mfuko, nikampa andazi, akalipokea kwa mikono miwili. Tulikula tumesimama. Baada ya muda akafuta sukari kwenye vidole kwa leso, akaniambia, bila kunitazama naye:

"Kuna swali moja limenisahau. Chumba cha kulala hapa chuoni, kwa wanafunzi. Sikuuliza." Akakunja leso. "Nenda wewe, mama Riziki. Mimi Kiingereza changu kimekwisha."

Mstari mbele ya meza ulikuwa bado mrefu. Nikaenda nikasimama nyuma, nyuma ya yule mtu aliyetabasamu, nikipanga maneno ya kuuliza.